Nataka nyumba yake kwa bei ya chini, na kuna jambo nimemficha

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu na sikudhani ningekuandikia, tena si kuhusu ndoa bali kuhusu ukuta wenye ufa. Ingawa ukiendelea kusoma utaona hata ndoa imo.

Mimi na mume wangu ni wapangaji tangu tuoane. Tuna watoto wawili, na akiba yetu tumeiweka kwa kujinyima mambo mengi. Sasa imetokea nyumba inauzwa kwenye mtaa ambao tusingethubutu hata kuulizia bei, na sababu ya kuthubutu ni moja tu: ni mbovu. Paa linavuja, dari ya chumba kimoja imeporomoka, nyaya za umeme ni zilezile za siku ilipojengwa, bafu halitazamiki, na ukuta wa nyuma una ufa mrefu ulioanzia juu ya dirisha ukashuka mpaka karibu na ardhi. Imekaa tupu kwa muda mrefu, na kibao cha kuuzwa kimeshapauka kwa jua. Mwenyewe ni mzee mjane aliyeijenga kwa mikono yake. Mkewe alipofariki alihamia kwa binti yake.

Fedha halisi sitazitaja. Tuchukulie bei anayoitaka ni 100. Kwa hiyo 100, kwenye mtaa huohuo, watu wamenunua nyumba nzima, zisizo na kasoro. Sisi tukijumlisha akiba na mkopo ambao benki imetuahidi tuna 90, na humohumo ndimo matengenezo yatakapotoka. Binamu yangu, ambaye ni fundi mwashi, alizunguka nasi siku ya kuiangalia akakadiria kwamba kuitengeneza yote kutakula 20.

Dalali alinivuta kando. Aliniambia, "Mzee amechoka. Tupa 50. Atalalamika kidogo, kisha atakubali." Nilipomwambia mume wangu hiyo 50, alinijia juu. Anasema huko ni kumtukana mzee wa watu mbele ya nyumba yake, na kwamba akishaudhika hatatuuzia hata tukirudi na 95. Yeye anataka tutoe 85, tupate hati, tuhamie, mengine tutengeneze kidogo kidogo kadiri Mungu atakavyotujalia. Mimi naona kwa 85 tutakuwa tumenunua mvua. Tumebishana hivyo mpaka sasa tukiwa mezani hatuizungumzii kabisa nyumba, na kimya hicho ni kibaya kuliko ubishi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Siku ile mzee naye alikuwepo. Alisimama mbele ya ule ufa akaniambia, "Nyumba inazama, mwanangu. Sikufichi." Ana hakika msingi umeondoka. Anaamini hivyo kiasi kwamba hakuuliza mtu mwingine. Binamu yangu aliupapasa, akaugonga kwa nyundo huku na huku, na tulipokuwa njiani kurudi akaniambia hauna neno: uko pale ambapo chumba cha nyuma kiliongezwa baadaye, ni plasta tu, siku moja ya kazi. Mume wangu hakusikia, alikuwa mbele na watoto. Mimi nilinyamaza. Nimenyamaza mpaka leo, hata kwake sijasema, maana namjua: atampigia mzee simu jioni hiyohiyo.

Kila nikifikiria kutoa ofa ya chini, najua kwamba kitakachonisaidia ni hofu ya mzee. Nikimwambia kuwa ufa si kitu, atashikilia 100 yake na nyumba itatupita. Nikinyamaza akakubali 50, je, nitakuwa nimemlalia? Najitetea kwamba bei anapanga yeye, hakuna aliyemshika mkono, na kwamba mimi ndiye nitakayebeba hasara nyumba ikinigeuka. Halafu namkumbuka anavyosema "sikufichi", na utetezi wote unaisha.

Jana dalali amepiga simu kusema kuna mnunuzi mwingine. Naomba unisaidie: nitaje bei gani, niitajeje, na je, lazima niseme ninachokijua?

Ni mimi,
Mpangaji Aliyechoka

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu ina hesabu ndani yake, na hesabu zikichanganyika na haya hazijumlishiki vizuri. Nikikuelewa, unataka nyumba ambayo kwa bei iliyotajwa hamuiwezi na kwa bei mnayoiweza unaona aibu. Mume wako aibu hiyo anaitibu kwa kuongeza fedha, wewe unaitibu kwa kukaa kimya. Nitafika kwenye bei, ila niruhusu nianze na ufa. Nadhani ndio unaokunyima usingizi, na nina wasiwasi kwamba unajitesa kwa kuficha jambo ambalo bado hulijui.

Binamu yako amekuambia mambo mawili: kwamba ufa uko pale chumba cha nyuma kilipoungana na nyumba ya zamani, na kwamba ni plasta tu. Hebu yasome tena pamoja. Chumba kilichoongezwa kina msingi wake, uliochimbwa wakati mwingine, pengine kwa kina tofauti. Nyumba ya zamani inakuwa imeshatulia kwenye udongo wakati kile kipya ndiyo kwanza kinaanza kukaa. Kuta zake zisipofungwa vizuri na zile za zamani, zitaachana, na zitaachana hapohapo kwenye maungio. Kwa hiyo ufa wa mahali pale mara nyingi hauishii kwenye plasta, unaingia mpaka kwenye matofali. Inawezekana ulitokea zamani, chumba kikatulia, mambo yakaisha, na hapo binamu yako atakuwa na haki ya kusema hauna neno. Inawezekana pia bado unatembea. Mlio wa nyundo unakuambia kama plasta imeachana na ukuta. Haukuambii msingi unafanya nini huko chini.

Kuna dalili ambazo hata wewe unaweza kuzitazama. Ufa mwembamba kama unywele, usiofika milimita 1, kwa kawaida ni wa plasta iliyokauka ikasinyaa. Ukishapita milimita 5, au ukipanda kwa ngazi ngazi kufuata viungo vya matofali, au milango na madirisha ya karibu yakiwa yameanza kukataa kufunga, huo ni wa kumwita mhandisi wa majengo. Fundi mwashi, hata awe ndugu, hapo si pake. Mhandisi atabandua plasta kidogo aone kilicho nyuma yake, na pengine atataka kuchimba kando ya ukuta auone msingi. Njia ya zamani ya kujua kama ufa unatembea ni kubandika kipande chembamba cha kioo kikavuka pande zote mbili: kioo kikipasuka, ukuta umesogea. Tatizo ni kwamba hilo linataka muda, na kwenye udongo wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, linataka uone mvua na kiangazi.

Unaona ninakoelekea. Ulicho nacho mkononi ni maoni mawili yanayopingana, la mzee mwenye hofu na la fundi aliyekuwa akipita. Wewe umechagua lile linalokufaa ukaliita ukweli. Sikulaumu, kila anayetaka nyumba hufanya hivyo. Lakini ukitoa bei ukiamini kwamba ufa ni kazi ya siku moja, na mzee ndiye akawa sahihi, utakayekuwa umemlalia ni wewe mwenyewe.

Sitaki hayo yawe mlango wa kutorokea swali lako, maana bado lipo. Tuseme mhandisi amekuja, amechimba, amesema ukuta umetulia. Hapo sasa utakuwa unajua kweli. Kwa kawaida sheria humbana zaidi muuzaji aeleze kasoro kuliko inavyombana mnunuzi aeleze uzuri, ila mipaka yake inatofautiana, na hilo muulize wakili wako. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kukaa kimya na kudanganya havilingani uzito. Akikuuliza, "Fundi wako kasemaje kuhusu ule ufa?" na ukajibu kwamba kaogopa, hapo utakuwa umeshavuka. Asipouliza, uko kwenye sehemu ambayo watu wazima wenye dini na heshima zao hawakubaliani. Wapo watakaosema ripoti umeilipia wewe, ni mali yako, naye alikuwa na nafasi ya kumwita mhandisi wake. Wapo watakaosema mzee aliyekuonyesha ubovu wa mali yake kabla hujauliza amekufungulia mlango wa namna fulani ya biashara, na kuupita mlango huo huku umeficha karatasi kwenye mkoba kuna uzito wake.

Mimi ningekuomba ufikirie jambo la tatu, ambalo barua yako imeliruka. Umehesabu kwamba mzee akijua ufa si kitu, atashikilia 100. Umejuaje? Nyumba imekaa sokoni mpaka kibao kimepauka, na waliokuja kabla yako hawakuondoka kwa sababu ya ufa peke yake. Paa na dari na nyaya waliviona pia. Inawezekana ukimpa nakala ya ripoti atapandisha kichwa. Hiyo ni hatari ya kweli na sitaificha. Inawezekana pia akapata ahueni kwamba nyumba aliyoijenga haizami, akawa tayari kuzungumza na mtu aliyemletea habari hiyo kuliko na mtu mwingine yeyote. Lipi litatokea, wewe uliyemwona usoni unaweza kukisia vizuri kuliko mimi.

Sasa bei. Kuanzia mstari wa kwanza wa hesabu zako, kila kitu umekipima kwa ile 100. Hamsini ni tusi kwa sababu ni nusu ya 100. Themanini na tano ni heshima kwa sababu iko karibu na 100. Lakini 100 ni nini? Ni namba aliyoitaja mwenye nyumba. Mwaka 1987 watafiti wawili, Gregory Northcraft na Margaret Neale, waliwapeleka wanafunzi na madalali wa kazi hiyo hasa kwenye nyumba moja huko Tucson, Marekani. Wote waliikagua nyumba ileile na kupewa maelezo yaleyale, isipokuwa bei iliyoandikwa kwenye karatasi, ambayo ilibadilishwa kati ya kundi na kundi. Walioonyeshwa bei kubwa waliithamini nyumba kwa kiwango kikubwa zaidi, na madalali nao walivutwa, ingawa walipoulizwa wengi wao hawakuitaja bei ile kuwa iliwaongoza. Nami nakuuliza: siku ile mzee angetaja 75, hiyo 50 ingewagombanisha?

Kwa hiyo iweke 100 ya mzee kando kwa muda, uanze upande wa pili. Nyumba nzima mtaani hapo zimeuzwa 100. Hiyo ndiyo 100 yenye maana, kama una uhakika kwamba ni bei watu walizolipa na si bei walizotangaza. Toa 20 za matengenezo. Juu ya hizo 20 ongeza akiba ya yasiyoonekana. Nyumba ya zamani ukiifungua hukuonyesha usiyoyatarajia, na wajenzi wengi hutenga kati ya asilimia 10 na 20. Kwa nyumba ambayo hakuna aliyepanda darini, mimi ningechukua asilimia 20 ya zile 20, yaani 4. Halafu kuna kodi na ada za kuhamisha hati, wakili, mhandisi, na pango mtakaloendelea kulipa mnakoishi wakati mafundi wakiwa kazini. Tuseme 6, ingawa hizo uzihesabu mwenyewe. Jumla ni 30. Kwa hesabu hiyo, nyumba ilivyo leo thamani yake kwenu haipiti 70.

Huo ni ukomo wa thamani. Ukomo wa mfuko ni mwingine: mna 90, toa 30, inabaki 60. Zikitofautiana, mfuko ndio unaoamua. Hapa ndipo 85 ya mume wako inapokwama. Ikilipwa, inabaki 5, na ada zenyewe zinataka 6. Hata hivyo usimcheke, kwa sababu ndani ya wazo lake kuna kitu. Si lazima yote 20 yatoke kwa mpigo. Paa, umeme na ule ukuta haviwezi kusubiri; bafu likifanya kazi linaweza kuendelea kutotazamika, na rangi na sakafu havijawahi kumuua mtu. Kama ya lazima ni 12, na akiba yake asilimia 20, na ada 6, mfuko wenu unaweza kufika karibu 70. Wewe na yeye, mnaogombana kati ya 50 na 85, huenda mnaweza kukutana kati ya 60 na 70 bila hata mmoja kumshinda mwenzake.

Ila yote hayo yamesimama juu ya 20 ya binamu yako, na hiyo namba siiamini. Simtilii shaka ufundi wake, ninachotilia shaka ni macho aliyoitazamia. Paa likivuja kwa muda mrefu, mabati ndiyo sehemu rahisi. Swali ni kama kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zimeoza au zimeliwa na mchwa. Nyaya zikibadilishwa zote, kuta hutobolewa, na kuta zikitobolewa kuna plasta na rangi ambazo hukuzihesabu. Mabomba yaliyofukiwa hayaonekani mpaka yafukuliwe. Na kama paa au dari ni ya asbesto, kama ilivyokuwa kwenye nyumba nyingi za zamani, msiikate wala kuivunja wenyewe, vumbi lake ni hatari kwa mapafu, na kuiondoa kwa usalama ni gharama peke yake. Mtafute mkadiriaji wa majenzi, au angalau fundi wa pili asiye ndugu, akuandikie kila kipengele na bei yake. Karatasi hiyo itakusaidia mara mbili: itakuambia ukomo wako, na itakuwa ndiyo lugha ya ofa yako.

Maana unaniuliza ofa uitajeje. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo nusu ya watu waligawiwa vikombe vya kawaida na wengine wakatakiwa kuvinunua. Waliogawiwa, ambao walikuwa navyo kwa dakika chache tu, walitaka karibu mara mbili ya bei ambayo wanunuzi walikuwa tayari kulipa. Hicho ni kikombe. Mzee wako alibeba matofali. Usiende kumsomea ubovu wa nyumba yake chumba kwa chumba ukidhani unajenga hoja. Anaujua, na kila kasoro utakayoitaja ataisikia kama lawama kwa mkono wake. Ofa ya chini inaudhi zaidi inapoonekana imetoka hewani. Ile 50 ya dalali imetoka hewani. Namba kama 61, yenye karatasi ya makadirio nyuma yake na maneno machache kwamba hapa ndipo uwezo wetu unapofika tukitaka kuitengeneza inavyostahili, inaweza kukataliwa, lakini ni vigumu kuiita dharau. Kama mtaanzia chini kidogo ya ukomo ili mwe na pa kupandia, sawa, wanunuzi wengi hufanya hivyo. Ila ukomo wenyewe muuandike kabla hamjatoka nyumbani.

Na usidhani anachokitaka ni fedha peke yake. Hujaniambia kwa nini anauza. Anahitaji fedha haraka, au anauza kwa sababu binti yake amechoka kulinda nyumba tupu? Kuna vitu ndani ambavyo hajui avipeleke wapi? Amewahi kukubaliana na mtu ambaye benki ilimwangusha? Ofa ya chini mara nyingi hushinda kwa sababu ina uhakika: barua ya benki inayoonyesha fedha zipo, tarehe iliyo wazi, masharti machache, muda wa kutosha kwake kuhamisha mizigo. Mengine hayo unaweza kumpa bila kuongeza hata senti. Sharti moja tu usilitoe sadaka ili upendwe, nalo ni la ukaguzi wa mhandisi kabla ya kufunga mkataba. Na waulize benki kabla ya yote kama mkopo waliouahidi unakubalika kwa nyumba ya namna hii, maana benki nyingi humtuma mthamini wao, na nyumba yenye paa bovu na ufa inaweza kuwafanya wapunguze au wasite. Hapo 90 yako si 90 tena.

Kuhusu dalali nitasema kidogo. Mtu aliyekuambia siri ya mteja wake anaweza kuwa amempelekea mteja wake siri yako. Kama analipwa asilimia ya mauzo, nyumba ikiuzwa 50 au 70 kwake tofauti ni ndogo. Kinachomlisha ni biashara kufungwa. Huyo mnunuzi mwingine anaweza kuwepo na anaweza asiwepo, nawe huna njia ya kumthibitisha. Jiulize tu kama kuwepo kwake kunaongeza fedha zenu au kunapunguza ufa. Kama jibu ni hapana, ukomo wenu unabaki palepale, na pengine nyumba itakwenda kwa mwingine. Nalisema hili waziwazi kwa sababu mtu anayetoa ofa ya chini hana budi kuwa tayari kukosa. Asiye tayari huongeza 5, kisha 5, akajikuta kwenye 85 ya mume wako kwa njia ndefu zaidi.

Nirudi kwa huyo mume. Umemficha kwa kuogopa kwamba atampigia mzee simu. Naelewa. Lakini tazama nyinyi wawili kwa mbali: yeye yuko tayari kulipa fedha msizokuwa nazo ili asione uso wa mzee ukikunjamana, na wewe uko tayari kubeba siri kwa sababu hiyohiyo. Wote mnamkwepa mzee mmoja. Ukimwambia alichosema binamu yako, hatari ipo kwamba atapiga simu kabla mhandisi hajaja, na mzee apewe matumaini ambayo huenda si ya kweli. Unaweza kumwambia na hilo pia. Usipomwambia, mtaingia kwenye deni la miaka mingi huku mmoja wenu akijua sababu ya bei na mwingine hajui. Sitakuchagulia, ndoa yako unaijua wewe. Ninachokuomba ni kwamba mazungumzo hayo yafanyike mkiwa na karatasi ya makadirio mbele yenu, na yeye mwenyewe aandike hapo paa litalipwa na fedha ipi, mwezi gani.

Mambo mawili ya mwisho, ya kiofisi. Hati ikaguliwe ina jina la nani. Kama jina la marehemu mkewe limo, huenda warithi wote wanahusika, na sahihi ya mzee peke yake isitoshe. Binti yake huenda ndiye mnayepaswa kuzungumza naye tangu mwanzo. Na arbuni, ile fedha ya kutanguliza, isipitie mfukoni mwa dalali. Ikae kwa wakili, kwa maandishi, pamoja na maelezo ya lini itarudi na lini haitarudi, hasa mhandisi akisema ukuta unatembea.

Niandikie ukishapata jibu lake, hata kama nyumba itakuwa imeshauzwa.

Shangazi yako